Kuchagua Ubao wa Skeitibodi: Kipimo Chake na Umbo Lake

Natumaini kila darasa limekwisha kukusanyika, na kila mtu ana daftari yake na kalamu yake. Leo nawaomba kitu kimoja zaidi. Mwenye rula au futikamba ya fundi cherehani na aiweke karibu, kwa maana leo tutapima.

Somo letu ni habari za ubao wa magurudumu, ambao vijana huuita skeitibodi. Najua wako watakaouliza, "Mwalimu, mchezo wa watoto watuhusu nini sisi watu wazima?" Nawajibu hivi: mtoto ndiye achezaye, lakini mzazi ndiye alipaye. Na mtu asiyejua kusoma kipimo hulipa mara mbili. Mimi mwenyewe nililipa mara mbili. Sikilizeni.

Mtoto wa dada yangu alikuwa na umri wa miaka saba. Akaniambia, "Mjomba, naomba uninunulie skeitibodi." Nikaenda dukani. Nikakuta mbao nyingi zimetundikwa ukutani, na chini ya kila ubao imeandikwa namba. Sikuuliza maana ya zile namba. Nikafanya kama tufanyavyo tununuapo sare ya shule: nikachukua kubwa, nikisema moyoni, "Mtoto atakua, atalijaza." Muuzaji naye hakuniuliza umri wa mtoto. Akapokea fedha, nami nikaenda zangu.

Mtoto alifurahi sana siku ile. Lakini kila alipotaka kukata kona, ubao ulikwenda moja kwa moja. Akaniambia, "Mjomba, miguu yangu haifiki pembeni." Mimi nikamwambia, "Jitahidi, utazoea." Siku ya nne akaanguka, akategua kifundo cha mkono. Dada yangu aliponiona hakugomba. Aliniuliza neno moja tu: "Ndugu yangu, ulimpimia mtoto wa leo au mtu wa kesho?" Sikuwa na jibu.

Basi leo tutajifunza nilichopaswa kujua siku ile.

KWANZA: Skeitibodi ni kitu gani?

Skeitibodi ina sehemu tatu kubwa. Ya kwanza ni ubao wenyewe, anapokanyaga mchezaji. Ya pili ni ekseli mbili za chuma, moja mbele na moja nyuma. Ya tatu ni magurudumu manne, na ndani ya kila gurudumu mna beringi. Juu ya ubao hubandikwa karatasi ya msasa, ili viatu visiteleze.

Mchezo huu ulianza California, katika nchi ya Marekani, katika miaka ya 1950. Vijana waliokuwa wakicheza juu ya mawimbi ya bahari walipigilia magurudumu chini ya vipande vya mbao, wakapata kuteleza barabarani siku ambazo bahari ilikuwa shwari. Magurudumu ya zamani yalikuwa ya chuma au ya udongo mgumu, na kijiwe kidogo tu kilitosha kumwangusha mtu. Katika miaka ya 1970 yakaja magurudumu ya plastiki iitwayo urethani, yenye kushika ardhi vizuri, na mchezo ukaenea.

Hata kwetu umefika. Kampala, katika mtaa wa Kitintale, vijana wana uwanja wao wa skeitibodi tangu mwaka 2006. Nairobi, katika makao ya watoto ya Shangilia, uko uwanja mwingine. Na mwaka 2021, katika Michezo ya Olimpiki iliyofanywa Tokyo, mchezo huu uliingizwa kwa mara ya kwanza. Msichana wa Japani, Momiji Nishiya, mwenye umri wa miaka 13, akapata nishani ya dhahabu. Kwa hiyo asitokee mtu akasema ni mchezo wa wavulana tu.

PILI: Namba iliyo chini ya ubao

Ukiugeuza ubao, mara nyingi utaona imeandikwa namba kama 7.5 au 8.25. Namba hiyo ni upana wa ubao kwa inchi. Si urefu, si bei, wala si umri wa mchezaji. Ni upana, yaani kutoka ukingo wa kushoto mpaka ukingo wa kulia, pale katikati.

Sasa tahadharini, kwa kuwa hapa ndipo wengi hupotea. Ipi kubwa, 8.25 au 8.5? Nasikia wengine wanasema, "8.25 ni kubwa, kwa sababu 25 yaizidi 5." La, sivyo. Nukta ile ni mpaka. Namba zilizo baada ya nukta ni vipande vya inchi moja. Tuandike pamoja:

8.125 ni nane na thumni.
8.25 ni nane na robo.
8.5 ni nane na nusu.
8.75 ni nane na robo tatu.

Kila mtu ajua ya kuwa nusu ya mkate ni kubwa kuliko robo ya mkate. Basi 8.5 ni kubwa kuliko 8.25. Someni tena, pole pole, kwa sauti.

Na kama futikamba yako ina sentimita tu, fanya hesabu hii. Inchi moja ni sentimita 2.54. Ubao wa inchi 8 ni 8 mara 2.54, yaani sentimita 20 na kidogo.

TATU: Kwa nini upana ni jambo kubwa?

Mchezaji hasimami juu ya ubao kama mtu anayetembea. Husimama kiubavu, na miguu yake hukingama juu ya ubao. Akitaka kwenda upande mmoja, hugandamiza kwa vidole vya miguu. Akitaka upande wa pili, hugandamiza kwa kisigino. Ubao ukiwa mpana kuliko mguu wake, vidole na kisigino havifiki penye kingo, naye hushindwa kuuinamisha. Hayo ndiyo yaliyompata mpwa wangu. Na ubao ukiwa mwembamba mno, vidole hutokeza nje, na mchezaji hukosa mahali pa kukanyaga imara.

Hiki ndicho kipimo cha kuanzia ambacho hutumiwa na wauzaji wengi. Kinakilini:

Mtoto wa miaka 5 au chini yake, kimo kisichozidi sentimita 100: inchi 7 au pungufu.
Mtoto wa miaka 6 mpaka 8, kimo kiasi cha sentimita 100 mpaka 135: inchi 7 mpaka 7.25.
Mtoto wa miaka 9 mpaka 12, kimo kiasi cha sentimita 135 mpaka 158: inchi 7.25 mpaka 7.5.
Wa miaka 13 na zaidi, na watu wazima: inchi 7.5 na zaidi.

Hiki ni kipimo cha kuanzia tu. Mtoto mwenye mguu mkubwa kuliko wenzake huongezewa kidogo. Kwa hiyo usiende dukani peke yako. Nenda na mtoto, naye avae viatu atakavyochezea. Weka ubao juu ya zulia ili usikimbie, asimame juu yake, kisha ainame mbele na nyuma. Utaona kwa macho yako kama miguu inafika.

Mtu mzima naye ajiulize, "Nitacheza mchezo gani?" Akitaka kuruka na kuuzungusha ubao hewani, ubao wa inchi 7.75 mpaka 8.25 humfaa, kwa kuwa mwembamba hugeuka upesi. Akitaka kwenda mbio katika miteremko mikubwa na mabakuli ya saruji, achukue 8.25 au zaidi, kwa kuwa mpana hutulia.

NNE: Umbo la ubao

Sasa tuangalie umbo. Ubao wa kawaida wa siku hizi una ncha mbili za mviringo, nazo zote zimeinuka juu. Ya mbele huitwa pua, ya nyuma huitwa mkia. Zinafanana sana, lakini mara nyingi pua huwa ndefu kidogo kuliko mkia. Mchezaji hukanyaga mkia kwa nguvu ili pua iinuke, na hapo ndipo huruka. Urefu wa ubao wa namna hii kwa mtu mzima ni kiasi cha inchi 31 mpaka 32. Inchi 31.5 ni sentimita 80.

Katikati ya ubao pana bonde dogo, yaani kingo zote mbili zimeinuka kidogo. Pitisha kiganja chako, utalihisi. Bonde hilo huusaidia mguu kushika. Kwa anayeanza, bonde la wastani latosha.

Umbo jingine ni ubao mrefu, wa inchi 33 na kuendelea. Mara nyingi huwa bapa, na magurudumu yake ni makubwa na laini. Huo ni wa safari, si wa kuruka. Kijana anayetaka kwenda dukani au kazini juu ya lami, huo utamfaa. Lakini anayetaka kujifunza kuruka, usimnunulie huo, atachoka bure.

TANO: Ekseli na ubao ni mke na mume

Upana wa ekseli, kutoka ncha mpaka ncha, wapasa kulingana na upana wa ubao. Ikipita au ikipungua, tofauti isizidi robo inchi. Ekseli ikitokeza sana nje, mguu utaigonga. Ikiwa fupi sana, ubao utayumba. Kwa hiyo anayebadili ubao tu, apime kwanza ekseli alizo nazo.

SITA: Ukinunua mtumba

Wengi wetu hununua mtumba, wala si aibu. Lakini kagua mambo manne.

La kwanza, tazama ubavuni. Ubao mzuri kwa kawaida una matabaka saba ya mbao nyembamba, yaliyogandishwa kwa gundi. Mbao hizo mara nyingi ni za mti uitwao mepo, mti mgumu wa Amerika ya Kaskazini. Hesabu matabaka kwa kidole. Kama yameanza kuachana, ubao umeingia maji. Uache.

La pili, tazama mkia. Mkia hukwaruzwa chini kila siku mpaka ukawa mwembamba kama kisu. Mkia wa namna hiyo hauna siku nyingi.

La tatu, tazama pale penye bolti. Nyufa zikianzia hapo, ubao utavunjika mtu akiwa juu yake.

La nne, weka skeitibodi juu ya meza iliyo sawa. Magurudumu yote manne yaguse meza. Likiinuka moja, ubao au ekseli imepinda.

Na ukiupata mzuri, usiuache katika mvua wala katika jua kali. Tena usisahau kofia ngumu ya kichwa. Heri ubao wa mtumba na kofia, kuliko ubao mpya bila kofia.

MAZOEZI

Sasa fanyeni mazoezi haya. Msitazame majibu mpaka mmemaliza.

1. Panga namba hizi kuanzia ndogo mpaka kubwa: 8.5, 8.125, 8, 8.25.

2. Bibi mmoja ana mjukuu wa kike wa miaka 10, kimo chake sentimita 140. Dukani kuna mbao tatu: 7, 7.5 na 8.25. Aanze kujaribu upi? Upana wake ni sentimita ngapi?

3. Kijana ana ekseli za inchi 8. Anataka kununua ubao wa 8.5. Je, utamfaa?

Haya, majibu. La kwanza: 8, kisha 8.125, kisha 8.25, kisha 8.5. La pili: aanze na 7.5. Nao ni 7.5 mara 2.54, yaani sentimita 19 na kidogo. La tatu: hautamfaa, kwa sababu tofauti ni nusu inchi. Ama atafute ubao wa 8 au 8.25, ama abadili na ekseli.

Kabla ya kuwaaga, nitawaambia mwisho wa habari ya mpwa wangu. Mkono ulipopona, tulirudi dukani wote watatu, yeye, mama yake na mimi. Safari hii nilichukua futikamba, na namba niliisoma mwenyewe. Tukachagua ubao wa inchi 7. Akasimama juu yake, akainama huku na huku, akacheka. Ule wa kwanza, ambao uliandikwa 8.5, nilimwuzia kijana wa jirani kwa bei ya hasara. Hasara hiyo ndiyo ada niliyolipa kwa somo ambalo ninyi leo mmelipata bure.

Juma lijalo tutasoma vipimo vilivyoandikwa juu ya chupa za dawa. Tafadhali kila mtu aje na chupa tupu au boksi la dawa kutoka nyumbani. Someni vizuri, na ajuaye amfundishe mwenzake.

Kwa herini.