Makaroni ya Fromaji: Feti ya Familia Isiyokula Mbegu

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanamemba kwenye kikao cha mwezi)

 

Wamoja wametuuliza pale mlangoni: "Ninyi watu wa shirika, kila siku munakuja na habari ya mbegu, ya maji, ya vyoo. Leo munakuja na sufuria?" Ndiyo, leo tumekuja na sufuria. Lakini habari ni ile ile ya mbegu, mutaona.

Tunapozunguka vijijini tunakuta jambo moja. Familia ikisharudi na kupata paa, inataka kukusanyika. Kuna waliobaki kwenye milima, kuna waliolala miaka kambini pembeni ya Goma, kuna waliovuka mpaka kwenda Uganda. Kila mtu anatamani kuona mwenzake. Hiyo ni haki. Kwenye kikao kama hicho njo tunajua nani aliangalia shamba la mama, nani alizikwa wapi, na huyu mtoto mrefu ni wa nani.

Shida inaanzia kwenye feti yenyewe. Mtu anasema: "Tumerudi, batu baone." Mbuzi anakopwa, mchele unakopwa, kasha za vinywaji zinakopwa. Feti inaisha jioni moja, deni linabaki. Kulipa, maharagi yanauzwa yakiwa bado shambani, kwa bei ya mwenye pesa. Mwezi wa 9 unafika, jirani anapanda, na nyumba iliyofanya feti haina mbegu. Hatusemi watu waache kukusanyika. Tunasema tupike chakula chenye heshima, cha kushibisha, ambacho hesabu yake tunaiweza. Kimoja ni makaroni ya fromaji ya kuchoma ndani ya sufuria.

Chakula hiki kina asili ya Ulaya. Wabelgiji wanapika nyumbani makaroni na mchuzi mweupe wa maziwa, nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi na fromaji, halafu wanachoma ndani ya furu. Sisi nyama hiyo tunaiacha, kwa sababu wengine kati yetu hawaili, na utamu haupungui. Fromaji yenyewe ni yetu. Ile ya mviringo, ya manjano, inayouzwa Goma na iliyokuwa ikipandishwa ndege mpaka Kinshasa, ni maziwa ya milima ya Masisi. Wengi wetu tumekamua, tumebeba bidoni, tumeona fromaji zikipangwa juu ya mbao. Lakini ni wangapi wanaiweka kwenye meza ya nyumbani? Tunaiona ni kitu cha wageni na cha mahoteli. Nusu kilo tu inatosha watu 12.

Kwa watu 12, sufuria moja ya litre 6, mutafute hivi:
– makaroni kilo 1 (sashe 2 za gramu 500);
– fromaji nusu kilo;
– maziwa litre 1 na nusu;
– unga wa ngano vijiko 12 vya supu, visijae sana;
– margarini vijiko 8 vya supu;
– matunguu makubwa 3, nyanya 6, chumvi, na mkate mkavu uliosagwa kwa mkono.
Watu wakiwa 24, mupike sufuria mbili. Sufuria moja kubwa mno inaungua chini wakati juu bado ni baridi.

Kwanza maziwa. Yachemke mpaka yapande, hata kama yametoka kwa ng'ombe munayemjua. Maziwa mabichi yanaweza kuleta bruseloze, ule ugonjwa wa homa isiyoisha na maumivu ya viungo. Kama maziwa ya ng'ombe hayapo, maziwa ya unga yanafaa.

Makaroni yachemke kwenye maji mengi yenye chumvi kidogo. Muyatoe yakiwa bado magumu katikati, kama dakika 2 mbele ya wakati ulioandikwa kwenye sashe, kwa sababu yatamalizika kuiva ndani ya mchuzi. Kilauri kimoja cha yale maji mukiweke pembeni.

Mchuzi njo unataka uvumilivu. Muyeyushe margarini, mukaange matunguu mpaka yalainike, halafu mutie unga na kukoroga dakika 2 bila kuuacha ukawa mwekundu. Mupunguze moto. Mumimine maziwa kidogo kidogo, mkono usiache kukoroga, ama mutapata madonge. Mchuzi ukishika mgongo wa kijiko, muutoe kwenye moto, ndipo mutie fromaji iliyokatwa vipande vidogo, sehemu mbili kati ya tatu. Fromaji ikikutana na moto mkali inavutika kama kamba na mafuta yake yanajitenga. Muonje mbele ya kuongeza chumvi, maana fromaji iko na chumvi yake.

Muchanganye mchuzi na makaroni. Ikiwa nzito sana, muongeze yale maji ya kilauri. Mupake sufuria mafuta, mumimine, mupange nyanya juu, halafu fromaji iliyobaki na mkate uliosagwa.

Sasa furu. Bamama wengi hapa wanaoka keki bila furu, kwa hiyo hatuwafundishi, tunawakumbusha vijana. Makala machache chini, makala mengi juu. Kifuniko kiwe cha chuma na kiwe bapa, ili kibebe makala. Baada ya dakika 25 mpaka 30, harufu itawaambia. Mukiinua kifuniko, muinue sawasawa ili majivu yasianguke ndani. Na tafadhali, kazi hii ifanyikie inje. Mbabula ndani ya nyumba iliyofungwa inatoa hewa isiyoonekana, isiyo na harufu, na inaua watu wakiwa wamelala.

Ikishatoka, musikate mara moja. Mungoje robo saa, ishikamane. Mukate msalaba, vipande 4, na kila kipande mukigawe sehemu 3. Hapo tunapata 12 vilivyo sawa, na kila kimoja kina ukoko wake wa juu.

Hapa tunaomba musikilize vizuri. Kwenye feti nyingi, nyama nzuri inaenda kwa wakubwa wa sebuleni. Bamama waliopika na batoto walioteka maji wanapata mchuzi na mifupa. Chakula cha kukatwa kinaonyesha hesabu mbele ya macho ya wote. Mzee apewe wa kwanza, ndiyo heshima yetu, lakini kipande chake na kipande cha mjane vitoshane. Pembeni muweke sombe au lengalenga, na maharagi, ili tumbo lijae na mwili upate nguvu.

Neno la mwisho ni mchango. Nyumba moja isibebe yote. Mwenye nyumba atafute makaroni. Mwingine alete fromaji, mwingine maziwa, mwingine makala na matunguu. Na wale waliobaki kijijini wakati sisi tulikimbia, musiwaite kuja kula tu. Muwaombe walete kitu, hata kama ni maziwa ya asubuhi. Aliyebaki hapendi kualikwa kama mtu wa kusaidiwa, na aliyerudi vilevile hapendi kupokelewa kama mgeni. Kila mtu akiwa na mkono wake ndani ya sufuria, maneno yanakuwa mepesi kidogo.

Tusidanganyane: makaroni haikati kesi ya shamba. Kesi ya shamba iko na njia yake, kwa wazee, kwa chefu wa kijiji, kwa kamati ya upatanisho. Lakini watu wasiokaa pamoja hata siku moja hawataanza na mpaka wa shamba.

Basi, mbele ya kuita watu, mufanye hivi. Mutoe mbegu za msimu, muzifunge, muziweke pembeni. Halafu muchukue kaye, muandike bei ya siku ya kila kitu na jina la atakayekileta. Jumla ikipita pesa zilizo mkononi, mupunguze sufuria ama musogeze siku. Deni lisiandikwe kwenye kaye hiyo.

Sasa twende inje: sufuria iko motoni tangu tulipoanza kuongea, na wakati wa kuinua kifuniko umefika.