Mtetemo wa Mashine ya Posho

(Maneno yaliyosemwa mbele ya vikundi vinavyoendesha mashine za kusaga)



Kila mashine ya kusaga hutetemeka, hata ikiwa mpya. Hilo si ugonjwa. Ugonjwa ni pale mtetemo wa leo unapozidi ule wa mwezi uliopita. Beringi ikianza kulika, mara nyingi mtetemo hutangulia; joto na kelele huja baadaye, na mwisho shafti inakwama huku watu wamepanga foleni na mahindi yao, nao mkopo wa kikundi haujaisha.

Viwandani kuna vifaa vidogo vya kupima mtetemo huo, na vingine havina betri wala waya wa stima. Mtauliza, stima yatoka wapi basi? Yatoka kwa mtetemo wenyewe. Ndani mna sumaku juu ya springi, kando ya waya uliozungushwa. Mashine ikitetemeka sumaku inacheza na stima inazaliwa, kama vile dainamo ya baiskeli. Ni kidogo sana, lakini yatosha kupima na kutuma habari kwa mawimbi ya redio. Kule Uingereza kampuni ya Perpetuum, iliyotoka Chuo Kikuu cha Southampton mwaka 2004, ilivifunga kwenye beringi za magurudumu ya treni.

Je, tununue? Mimi nasema bado. Springi hiyo hutegwa ilingane na kasi moja ya mtetemo, na injini zetu za dizeli hupanda na kushuka. Halafu hizo habari atazisoma nani? Pesa hizo zinunue nyundo.

Na hapo kwa nyundo nisikilizeni vizuri. Moja ikilika, msibadilishe hiyo moja tu! Mpya ni nzito kuliko zilizolika; upande mmoja ukizidi, shafti inayumba na beringi inakufa. Badilisheni seti yote, na zile zinazokabiliana ziwe na uzito mmoja. Mizani ya duka yatosha.

Kila Jumatatu, mashine ikiwa imezimwa, kazeni nati za msingi. Kisha iwashwe bila mahindi. Mwenye leso asikaribie mkanda. Fundi aguse kifuniko cha beringi kwa ncha ya bisibisi ndefu, mpini sikioni: mvumo laini ni mzuri, mkwaruzo si mzuri. Aandike tarehe na alichosikia, na mweka hazina alikague daftari hilo pamoja na lile la pesa.