Miguu Chini ya Meza
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Igunga)



Nimeombwa niseme machache juu ya sanaa majumbani mwetu. Mimi ni mtumishi wa serikali, si mchoraji. Kwa hiyo nitasema juu ya picha moja tu, ambayo niliijua tangu utotoni na ambayo niliitendea vibaya.

Picha hiyo ni Karamu ya Mwisho. Nyumba nyingi za Wakristo, hapa Igunga hata Tabora mjini, zinayo sebuleni. Nyingi ni za karatasi, zimechapwa kiwandani. Ya kwetu ilichorwa kwa mkono. Mwaka mmoja pamba ilipopata bei nzuri, Baba alimwita fundi wa mabango, yule aliyeandika majina ya maduka na kupamba mabodi ya malori, akampa picha ya kalenda aifuate. Fundi alipiga miraba ya penseli juu ya kalenda, akapiga miraba mikubwa juu ya ubao, kisha akahamisha mraba mmoja mmoja. Rangi yake ilikuwa rangi ya mafuta ya dukani, ile ile ya kupaka milango. Kazi ilichukua wiki tatu, kwa kuwa kila tabaka lilipaswa kukauka kwanza.

Lakini katikati, chini ya meza, mahali ambapo kalenda ilionyesha weusi mtupu wenye umbo la mlango, fundi alimchorea Bwana Yesu miguu. Tena akamvika katambuga.

Nilipokuwa Chuo Kikuu nilisoma kidogo habari za Leonardo da Vinci na wachoraji wa zama za Mwamko wa Ulaya. Nikarudi likizo na elimu yangu. Nikamwambia Baba kwamba fundi amekosea; picha ya asili haina miguu ile. Fundi mwenyewe alikuwapo. Akanijibu taratibu: "Mwanangu, hawa watu walitembea kutoka Galilaya. Anayewaongoza atakosaje miguu?" Nilicheka. Nilinunua picha ya karatasi Dar es Salaam, na ile ya ubao ikaingia stoo. Mchwa waliimaliza.

Ndugu zangu, miaka mingi baadaye ndipo niliposoma habari yote. Leonardo aliichora Karamu ya Mwisho kati ya mwaka 1495 na 1498, ukutani mwa bwalo la watawa wa Santa Maria delle Grazie, mjini Milano. Vijana, ni bwalo la chakula kama hilo lenu. Hakufuata desturi ya kupaka rangi juu ya lipu mbichi. Alipaka juu ya lipu kavu, na rangi ikaanza kubanduka angali hai. Mwaka 1652 watawa walitoboa mlango katika ukuta ule ule, na mlango ukaikata miguu ya Yesu. Weusi ule wa kalenda yetu ulikuwa mlango!

Sasa, tunajuaje kwamba miguu ilikuwapo? Kwa sababu ya nakala. Karibu na mwaka 1520 Giampietrino, mfuasi wa Leonardo, aliinakili picha hiyo kwa rangi ya mafuta juu ya kitambaa. Nakala yake ni mali ya Royal Academy ya London, na humo miguu ya Yesu inaonekana wazi. Mafundi walioitengeneza upya picha ya Milano, kazi iliyokwisha mwaka 1999, waliitazama nakala hiyo iwaongoze.

Fundi wetu hakuiona nakala ya London. Alifika hapo hapo kwa kufikiri. Na usiku ule wa karamu, kwa mujibu wa Injili ya Yohana, Yesu aliwaosha wanafunzi wake miguu. Mimi msomi sikulikumbuka hilo.

Siku hizi baadhi yetu tunaagiza nakala za rangi ya mafuta kutoka ng'ambo. Huko Dafen, katika mji wa Shenzhen, Uchina, wachoraji wamekuwa wakizichora kwa mkono kwa ajili ya soko la dunia tangu mwaka 1989. Sisemi ni dhambi. Lakini mchoraji Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, aliyechora maisha ya Yesu katika kanisa la Murang'a, Kenya, katika mandhari ya Kiafrika, alifundisha kwamba kuiga humlaza Mungu usingizi. Nami naongeza: kuna kuiga kwa macho, na kuna kuiga kwa akili.

Kwa hiyo, wenzangu, kabla hujaagiza, mtafute fundi aliye karibu nawe, na ukiona amebadili kitu, muulize sababu kabla hujamsahihisha. Nanyi vijana, pigeni miraba na kunakili. Ndivyo mkono unavyojifunza. Ila mkifika penye weusi, simameni mfikiri.

Fundi yule alifariki kabla sijamwomba radhi. Nimeona niseme leo, mbele ya watu, kwamba hakukosea.