Mgeni Akiwa ni Jeshi, Mwenyeji Apone kwa Nini?

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Marafa)



Tumeombwa tuseme leo juu ya jambo ambalo vijana wengi wa hapa wanatuuliza. Je, kazi ya kambini ni kazi njema? Mtu akisikia kwamba jeshi linajenga mahali, afunge mzigo wake aende? Hatukuja kulisema jeshi vibaya, wala hatukuja kulisifu. Tumekuja kufanya hesabu: ni nini kinachoingia mjini pamoja na askari, ni nini kinachobaki, na ni nani anayelipa siku askari wakiondoka.

Sisi watu wa huku tulijuana na jeshi zamani, nalo halikuja kununua kitu. Mwaka 1914 askari wa King's African Rifles walipigana na Wagiriama waliokataa kodi na kazi ya lazima. Mekatilili wa Menza, aliyewahimiza watu wasikubali, alikuwa amekwisha kukamatwa mwaka uliotangulia na kupelekwa mbali. Kaya Fungo ilivunjwa kwa baruti. Kisha Serikali ikadai faini ya rupia 100,000 na watu 1,000 wa kufanya kazi. Na wale waliokaa kaskazini ya mto Sabaki, ndio upande wetu huu, wakaamriwa wahame waache mashamba yao. Hiyo ndiyo hesabu ya kwanza: jeshi lilichukua, mwenyeji akalipa.

Hesabu ya pili ni ya Mackinnon Road, penye njia ya reli ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi. Mwaka 1947 Waingereza walikuwa wakitoka India, na hawakuwa na hakika ya kukaa Misri. Basi wakaamua kujenga ghala kubwa la vifaa vya jeshi katika nyika ile kavu. Mwaka huo huo, mwezi wa Januari, wafanya kazi wa Mombasa waligoma kwa sababu mshahara haukutosha chakula wala kodi ya nyumba. Kwa hiyo mtu asistaajabu kwamba wengi walikwenda kutafuta kazi kwenye mabanda ya jeshi. Zikajengwa ghala, barabara na uwanja wa ndege. Halafu huko Ulaya mashauri yakageuka, na baada ya miaka michache tu kazi ikaachwa. Hakuna kibarua aliyeulizwa. Katika miaka ya hali ya hatari iliyoanza 1952, kambi ile ile ikafanywa kizuizi cha watu waliofungwa bila kuhukumiwa. Ghala iliyojengwa kwa jasho la mfanya kazi ikawa jela ya ndugu zake.

Tuangalie sasa mji wa kambi ambao haukuachwa, yaani Nanyuki. Hapo pana askari wa namna mbili. Wako askari wa Kenya wa kituo cha ndege cha Laikipia, nao wanakaa mwaka mzima. Na wako Waingereza, ambao tangu baada ya Uhuru wamekuwa wakija kufanya mazoezi kwa mapatano ya serikali mbili, na mwaka 2021 wakafungua kambi yao mpya. Faida ipo, hatuwezi kuikana. Wako wapishi, mafundi, madereva, wafua nguo na walinzi wanaosomesha watoto kwa mshahara wa kambi. Mwenye gari hukodisha, na mwenye nyumba hupangisha.

Lakini tazameni vizuri jinsi fedha inavyokwenda. Mshahara wa askari hautoki mjini, hutoka hazina ya mbali. Ukifika, mwenye duka na mwenye nyumba hupandisha bei. Mfanya kazi asiyekuwa na kazi kambini hulipa bei ile ile ya nyama na kodi ile ile ya chumba, lakini mshahara wake haukupanda. Na vitu vikubwa, kama unga, mafuta na saruji, hununuliwa kwa zabuni kutoka miji mikubwa. Fedha nyingi hupita mjini kama gari la moshi lisilosimama stesheni. Tena, mwaka 2020 ugonjwa wa korona uliposimamisha mazoezi, waliotegemea wageni walikaa bure. Na mwezi wa Machi 2021, moto ulipounguza mbuga ya Lolldaiga wakati wa mazoezi ya Waingereza, wenyeji walilazimika kwenda mahakamani kudai haki yao.

Liko jambo moja jema la kusimulia. Kambi ya Waingereza ya Kahawa, karibu na Nairobi, ilikabidhiwa Serikali ya Kenya katika miaka ya kwanza ya Uhuru, ikageuzwa kuwa Chuo cha Kenyatta, na mwaka 1985 kikawa chuo kikuu. Askari walikwenda, lakini majengo yakapewa kazi nyingine, na kazi hiyo ikaleta watu wenye kula, wenye kulala na wenye kununua. Kwa hiyo si lazima kambi ikiondoka mji ufe. Hufa pale ambapo hakuna aliyefikiri mapema.

Ndugu, Marafa si mji wa kambi. Lakini Mariakani, katika kaunti yetu hii hii, pana kambi, na vijana wetu husafiri kwenda kutafuta kazi popote panapojengwa. Tunawajua waliofanya vibarua kwa kontrakta mwezi baada ya mwezi, kisha wakaambiwa asubuhi moja langoni kwamba majina yao hayamo. Hawakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha.

Sheria ya Kazi ya 2007 yasema wazi. Kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima iandikwe mkataba. Kibarua aliyefanya kazi mfululizo hata siku zake zikatimia mwezi mmoja, huhesabiwa mfanya kazi wa mwezi. Na mtu akiondolewa kwa sababu kazi yenyewe imepungua, apewe taarifa mwezi mmoja mbele, na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka mzima aliotumika. Kontrakta asiseme, "Hii ni kazi ya jeshi." Wewe hukuandikwa askari. Umeajiriwa na yeye.

Basi shauri letu ni hili. Kwanza, asiende mtu peke yake. Aandikishe jina lake chamani kabla ya kusafiri. Pili, adai karatasi, na aandike mwenyewe kila siku aliyofanya kazi. Tatu, wakulima wetu wa mananasi, maembe, mihogo na mbuzi waungane katika ushirika ili waombe zabuni kwa sauti moja, maana kambi hainunui kapu moja moja. Nne, asiache shamba likawa pori kwa sababu ya mshahara ambao mwisho wake huamuliwa na watu asiowajua.

Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni neno zuri. Lakini mwenyeji hatapona kwa kungoja mlangoni. Atapona akiwa na mkataba mkononi, shamba nyuma yake, na wenzake kando yake.

Umoja ni nguvu.