Kereng'ende Mcheza Ngoma

Msikilizaji, nikisema kereng'ende namkusudia mdudu, si yule ndege wa porini mwenye jina hilohilo. Na leo ni kereng'ende wa jamii ndogo, wale wa vijito vyenye kivuli, kama vya Usambara. Wataalamu wanamwita Platycypha caligata. Hazidi sana urefu wa sentimita tatu, lakini dume amepambwa kama bwana harusi: mgongo wa samawati, miguu bapa yenye rangi nyekundu upande mmoja na nyeupe upande mwingine. Hukalia kipande cha mti kilichooza majini na kukilinda. Jike akipita, dume hupaa mbele yake akiitikisa miguu ile, ngoma ya kumwonyesha kwamba hapa pana mahali pazuri pa kutagia. Jike hamkubali kila mchezaji.

Watoto wao huishi majini. Ukifyeka miti ya ukingoni, jua linachoma maji, udongo unaporomoka, na ngoma inakwisha. Mwaka 2021 Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili ulitangaza kwamba asilimia 16 ya aina za kereng'ende duniani zimo hatarini kutoweka.

Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayozuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Viongozi wa vijiji, chukueni kamba mkapime.