Kuchagua Chombo cha Kutembelea Bandari ya Mombasa



Wageni wengi kutoka bara wafikapo Mombasa hutamani kuuona mji kutoka baharini. Tamaa hiyo ni njema. Lakini chombo kisichaguliwe kwa weupe wa tanga wala kwa urahisi wa nauli.

Kwanza, mgeni na ajue anataka kuona nini. Kisiwa cha Mombasa kina bandari mbili. Kilindini, upande wa magharibi, ndiyo ya meli kubwa. Bandari ya Kale, upande wa mashariki, ndiyo ya majahazi. Huko huonekana Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na nyumba za Mji wa Kale zilizosimama juu ya maji. Kwa mtu mwenye saa chache, njia hii ndiyo bora, hasa asubuhi, jua linapoziangaza nyumba hizo usoni.

Pili, aangalie majira. Wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, bahari kwa kawaida huwa tulivu zaidi. Kusi ikivuma kwa nguvu, mwezi wa Juni na Julai, mawimbi huwa makubwa nje ya mlango wa bandari. Siku hizo afadhali chombo kibaki ndani, katika hori ya Tudor.

Tatu, na hili ndilo kubwa, auzingatie usalama. Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka katika maji ya Kilindini, karibu kabisa na nchi kavu. Ilikuwa imepakia watu kupita kiasi. Watu 272 walikufa, wengi wao wakienda kazini. Basi mtu asidhani kwamba maji ya bandarini hayaui kwa kuwa pwani iko karibu.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, nahodha na aulizwe mambo matatu: chombo kimeruhusiwa kuchukua watu wangapi, je, kila abiria, hata mtoto, ana jaketi la kujiokolea, na je, safari itaahirishwa upepo ukichafuka?

Nahodha mwema hakasiriki kwa maswali hayo, bali huyajibu na kuonyesha majaketi yenyewe. Akasirikaye na aachwe na jahazi lake, hata likiwa zuri namna gani. Aliyebaki gatini leo aweza kusafiri kesho.