Choo cha Mtoto wa Maziwa ya Kopo: Kijani Kinachotutisha na Cheupe Kinachotupita



Mada hii naielekeza kwenye meza moja tu: ile ya chanjo ya wiki ya sita. Sababu itaonekana mbele. Kwanza tukubaliane ni mtoto yupi tunayemzungumzia. Ni yule anayelelewa kwa maziwa ya kopo, kwa sababu mama amefariki, anaumwa, amerudi kazini, maziwa yamekatika au ameamua mwenyewe. Kwamba mtoto anapaswa kunyonya maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 hakuna anayebisha hapa. Lakini mtoto wa kopo naye huja kliniki, na mara nyingi kinachomleta mlezi wake ni choo. Tukimpokea kwa karipio la kunyonyesha, hatatuambia alichokiona kwenye nepi.

Rangi ya choo inatoka kwenye nyongo. Chembe nyekundu za damu zikichakaa na kuvunjika huacha bilirubini, ambayo ini huichakata na kuimwaga utumbuni pamoja na nyongo. Huko, kutegemea kasi ya utumbo na bakteria waliomo, inatoka ikiwa ya manjano, ya kijani au ya kahawia. Rangi hizi tatu zinatuambia jambo lilelile: nyongo inafika inakotakiwa kufika. Mengine yote nitakayosema yamejengwa juu ya hilo.

Choo cha kwanza, kile cheusi kinachonata, watoto wengi waliozaliwa miezi ikiwa imetimia hukipata ndani ya saa 24. Saa 48 zikipita bila choo, huyo ni wa hospitali, hata kama anaonekana mzima. Kufikia siku ya tano hivi weusi unapaswa kuwa umekwisha. Baada ya hapo mtoto wa kopo anashika njia yake: choo kizito kuliko cha anayenyonya, chenye harufu kali zaidi, na cha mara chache. Rangi yake ni manjano iliyofifia, kahawia au kijani. Kijani hicho kinaweza kukolea sana, kwa kuwa maziwa ya kopo yameongezewa madini ya chuma na sehemu isiyofyonzwa hutoka na choo.

Hapa ndipo nyumba nyingi zinapotaharuki. Kijani kikionekana, huyu anasema baridi imeingia tumboni, yule anasema mchango, mwingine anasema jicho la watu. Kuna familia ambako mama anaulizwa mbele ya wakwe kama amembemenda mtoto. Bibi anayesema hivyo hana nia mbaya; ndivyo alivyofundishwa, na ndiye anayeamka usiku kubadilisha nepi. Nisichokubaliana nacho ni kinachofuata: mizizi inachemshwa, dawa ya gesi inanunuliwa dukani, kopo linabadilishwa leo na keshokutwa tena. Mtoto anayekunywa vizuri, anayecheka na kuongezeka uzito, kijani chake kiacheni. Mwambieni bibi kwa heshima: “Bibi, hiyo ni nyongo na madini ya chuma, tumbo lake liko salama.”

Kijani cha kuuliziwa ni kile cha choo kidogo kidogo, chepesi, chenye ute, kwa mtoto anayelia njaa na ambaye mstari wake wa uzito kwenye kadi ya kliniki umelala. Huyo mara nyingi hashibi. Kopo ni ghali, na mlezi anayetaka lifike mwisho wa mwezi huongeza maji. Msimuulize “unachanganya vizuri?” kwa sababu atajibu ndiyo. Mwombeni aoneshe: anaweka maji kiasi gani, vijiko vingapi, na kijiko chenyewe ni cha kopo lipi. Kila kopo lina kijiko chake, na cha kopo moja hakipimi sawasawa maziwa ya jingine. Anayejaza kijiko hadi kufurika naye ana tatizo lake, maana mtoto hupata choo kigumu. Na mkiwa hapo hapo, ulizeni joto la maji. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) wa mwaka 2007 unataka unga ukorogwe kwa maji yaliyochemka na ambayo bado hayajashuka chini ya nyuzi 70, kwa sababu unga wa maziwa hauuzwi ukiwa hauna vijidudu kabisa. Kisha maziwa yapoozwe kabla ya kumpa mtoto.

Nyekundu na nyeusi nitazipitia haraka, kwa kuwa damu haihitaji mtu wa kuihamasisha jamii iiogope. Michirizi ya damu juu ya choo kigumu mara nyingi ni mchaniko wa njia ya haja. Damu yenye ute kwa mtoto mwenye afya inaweza kuwa mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe. Maziwa ya mbuzi si suluhisho, kwani protini zake zinafanana mno. Kilio cha vipindi, kutapika na ute wenye damu ni dharura ya upasuaji: utumbo huenda umejikunja ndani yake. Choo cheusi baada ya wiki ya kwanza, kama mtoto hapewi dawa ya kuongeza damu, kinapelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa cheupe. Hakimlizi mtoto, na mwenye kopo ana maelezo tayari: “ni rangi ya maziwa.” Maelezo hayo nimeyasikia hata kutoka kwetu sisi wauguzi na wahudumu wa afya. Si kweli. Mabonge madogo meupe ndani ya choo cha manjano ni mafuta ya maziwa yaliyoshikana na kalsiamu, na hayana neno. Choo chote kikiwa cheupe, kijivu au krimu iliyopauka, maana yake nyongo haifiki utumbuni. Ugonjwa tunaouhofia zaidi ni kuziba kwa mirija ya nyongo. Upasuaji wake uliasisiwa na Morio Kasai wa Japani katika miaka ya 1950, na matokeo yake ni mazuri zaidi mtoto akifanyiwa kabla ya siku 60. Akichelewa, ini linazidi kuwa na makovu. Taiwan, ambako ugonjwa huu ni wa kawaida kuliko Ulaya, ilianza kuwapa wazazi wote kadi yenye picha za rangi za choo mwaka 2004, na watoto wakaanza kufika mapema.

Sisi kadi yetu inafuatilia uzito na chanjo. Hebu tupige hesabu. Wiki ya sita ni siku ya 42. Zinabaki siku 18 kufikia ile ya 60. Chanjo inayofuata ni ya wiki ya kumi, siku ya 70, muda umeshapita. Kwa hiyo meza ya wiki ya sita ndiyo nafasi ya mwisho ambayo ratiba yetu inatupa, na mtoto anakuja mwenyewe bila kutafutwa. Tuulize hapo mambo matatu: macho bado ni ya manjano? Mkojo unaacha doa la manjano kwenye kitambaa? Choo kina rangi gani? Kwa mtoto anayenyonya, manjano yaliyozidi wiki mbili mara nyingi hutokana na maziwa ya mama, ingawa bado yanahitaji kupimwa. Mtoto wa kopo hana kisingizio hicho.

Jibu la “kawaida” lisiwatoshe. Nepi iliyobadilishwa usiku kwa mwanga wa tochi hudanganya. Tazameni wenyewe, mchana, na mkigeuze choo kwa kijiti, maana mtoto mwenye manjano makali anaweza kukipaka rangi kwa nje huku ndani kimepauka. Kama hakuna nepi, mama arudi na picha ya simu iliyopigwa kwenye mwanga wa jua.

Kikiwa cheupe, msimrudishe nyumbani akaanikwe juani. Apelekwe kunakopimwa bilirubini ya aina zote mbili, iliyochakatwa na ini na isiyochakatwa, si jumla peke yake, na kwenye barua ya rufaa andikeni umri kwa siku. “Mwezi mmoja na nusu” husomwa bila haraka. “Siku ya 44, choo cheupe” inamwonesha daktari anayepokea kwamba zimebaki 16.